Sura ya Tano: Dawa Itokayo Udongoni

Suali lisilokosa kuulizwa

Kila mara vidonge vya minyoo vinapoletwa katika skuli za Chake Chake, na walimu wakawapanga watoto mstari mmoja ili kila mmoja ameze sehemu yake mbele ya macho yao, huzuka miongoni mwa wazee masuali mengi, na moja katika hayo ndilo lililozaa sura hii: ikiwa mtoto amepata michango kwa kucheza udongoni, kisha tukaambiwa kwamba baadhi ya dawa za kuitoa michango hiyo asili yake ni udongo vilevile, yawezekanaje kitu kimoja kiwe ndicho chanzo cha maradhi na ndicho chanzo cha tiba?

Anayeuliza hivyo amegusa jambo ambalo wengi wenye elimu kubwa hulipita bila ya kulitazama. Jawabu kwa maneno machache ni kuwa udongo wenyewe haumtii mtu maradhi wala haumponyi. Wafanyao hayo ni viumbe hai vinavyokaa ndani yake, na viumbe hivyo ni vya namna nyingi, vyenye maslahi yanayopingana, na aghalabu uadui ulio baina yao wenyewe kwa wenyewe ni mkubwa kuliko walio nao dhidi yetu. Yai la mnyoo, likitoka na choo cha mtu mmoja, huhitaji kukaa wiki kadhaa katika udongo wenye joto na unyevu kabla halijaweza kumwambukiza mtu wa pili. Na Pemba, yenye mvua nyingi na mabonde yaliyotuama maji, imeruzukiwa udongo wa namna hiyo tele. Katika udongo huohuo hukaa bakteria, yaani viumbe vya seli moja moja ambavyo havionekani illa kwa hadubini, wakijitafutia riziki na kujilinda na majirani zao. Na katika kujilinda huko hutengeneza vitu ambavyo mwanadamu, baada ya kuhangaika miaka mingi, alijifunza kuvigeuza dawa.

Dawa zinazoua bakteria wenye kudhuru, au zinazowazuia wasiongezeke, huitwa viuavijasumu, na wengi wetu tumezizoea kwa jina la antibiotiki. Si zote zitokazo kwa bakteria wa udongoni: penisilini, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilitokana na kuvu, yaani ukungu wa jamii ya ule unaoota juu ya mkate uliolala, na nyingine zimeundwa na wanakemia kutoka mwanzo mpaka mwisho bila ya kumwomba kiumbe yeyote msaada. Lakini kiasi cha theluthi mbili za viuavijasumu vya asili vinavyotumika mahospitalini vimetoka katika kabila moja la bakteria wa ardhini, na hao ndio tutakaowazuru kwanza.

Wakaazi wa chini ya miguu yetu

Gramu moja ya udongo wenye rutuba, mathalani ule mweusi unaopatikana chini ya mikarafuu ambako majani yameoza msimu baada ya msimu, huweza kuchukua bakteria hadi kiasi cha bilioni moja. Miongoni mwao wamo wale waitwao streptomaisi, ambao wataalamu wa zamani walitatizika wasijue wawaweke fungu gani, kwa kuwa ni bakteria kwa nasaba lakini huota nyuzi nyuzi ndefu kama ukungu, na wakikomaa hutoa vichembe vidogo kama mbegu, ambavyo vyaweza kukaa katika ukavu na njaa kwa muda mrefu vikisubiri siku ya neema.

Msomaji aliyewahi kuwapo barazani pale mvua ya mwanzo ya vuli inapoipiga ardhi iliyokauka amekwisha kuwanusa bakteria hao bila ya kuwajua, maana ile harufu tamu ya udongo uliorowa hutokana kwa sehemu kubwa na kitu kiitwacho geosmini, ambacho streptomaisi ndio watengenezaji wake wakubwa, na pua ya mwanadamu ni hodari mno katika kukitambua hata kikiwa kidogo kiasi cha chembe chache katika hewa nyingi kabisa. Harufu hiyo ina faida kwa mwenye kuitoa. Mwaka 2020 watafiti wa Ulaya walieleza kwamba huwavuta vidudu vidogo virukavyo vya udongoni, nao huja wakala nyuzi za streptomaisi na kuondoka na mbegu zake, nyingine zimeshikamana na miili yao na nyingine zimo matumboni, wakazitawanya mbali.

Lakini kwa nini atengeneze sumu? Chakula kikimwishia, streptomaisi huziyeyusha nyuzi zake za zamani ili zilishe mbegu mpya, na katika kuyeyuka huko virutubisho humwagika na kunukia kwa majirani wote wenye njaa. Hali yake wakati huo ni kama ya nyumba yenye harusi ambayo pilau imekwisha kuiva na mlango wa uani uko wazi: asipoweka walinzi, wageni wasioalikwa watakula na watoto wa nyumbani walale na njaa. Wakati huohuo ndipo anapotoa viuavijasumu vyake. Wako wataalamu wasemao kwamba udongoni vitu hivi, kwa kuwa hupatikana kwa kiasi kidogo sana, huenda vikawa aghalabu ni namna ya kuzungumza baina ya bakteria na bakteria kuliko silaha ya kuuana, na mimi huiona hoja yao ina uzito; lakini hata ikiwa hivyo, mgonjwa hapotezi kitu, kwani anachohitaji yeye ni kipimo kikubwa, na hicho hakipatikani illa kwa mkono wa mwanadamu.

Namna ya kuuhoji udongo

Mtu aliyeufungua mlango huu hakuwa tabibu. Selman Waksman, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1888 akahamia Marekani akiwa kijana, alikuwa mwanachuoni wa udongo katika chuo cha Rutgers, jimbo la New Jersey, na ilimshughulisha habari iliyojulikana tangu zamani: kwamba vijidudu vya kifua kikuu vikizikwa ardhini havidumu. Ikiwa havidumu, basi kuna kinachoviangamiza. Na ikiwa kipo, huenda kikakamatika. Mwaka 1943 mwanafunzi wake Albert Schatz, kijana wa miaka 23 aliyefanya kazi katika chumba cha chini ya jengo kwa sababu wenziwe walikuwa wanaiogopa hiyo kazi ya kifua kikuu, alipata aina ya streptomaisi kutoka katika udongo wa shamba lililotiwa mbolea nyingi ya samadi, na nyingine ya namna hiyohiyo kutoka koo la kuku. Dawa iliyotokana nao ikaitwa streptomaisini, na ilipotangazwa mwaka 1944 ikawa ya mwanzo kutibu kifua kikuu kwa uhakika. Nobeli ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake, ijapokuwa Schatz alikuwa amekwisha kwenda mahakamani mwaka 1950 na mapatano yakamtambua kuwa mshirika wa ugunduzi. Na katika historia ya sayansi si yeye wa mwanzo wala wa mwisho kuona jasho lake likikaukia mwilini mwa mwalimu wake.

Kazi yenyewe haina siri, ingawa ina uchovu. Udongo kidogo hutikiswa katika maji safi, na maji hayo yakaongezewa maji mengine mara baada ya mara, mpaka tone moja likawa na bakteria wachache wanaoweza kutengana. Tone hilo hupakazwa juu ya sahani yenye agari, nayo ni ute mgumu utolewao katika mwani wa baharini. Si mwani huu wanaoulima kina mama wa Pemba, ambao ute wake ni wa namna nyingine na huenda zaidi katika vyakula na vipodozi, bali ni jamaa yake. Baada ya siku kadhaa kila bakteria mmoja huwa amezaa kundi linaloonekana kwa macho. Hapo huwekwa jirani yake kijidudu cha maradhi, kisha mtu akasubiri. Kijidudu kikienea mpaka mlangoni pa mwenzake, hapana kitu. Kikikoma mbali, ikabaki baina yao duara tupu isiyomea lolote, basi kuna kinachotoka kwa yule wa udongoni kikamzuia.

Asidhani msomaji kwamba duara hiyo ndiyo dawa. Katika duara nyingi zinazoonekana, nyingi hutokana na kitu ambacho mwengine alikwisha kukipata zamani, na nyingine hutokana na sumu isiyobagua, inayoua kijidudu na kumuua mgonjwa pia. Kilichobaki baada ya kuchujwa ni haba, na ndiyo sababu makampuni ya dawa, baada ya ushindi wa streptomaisini, yaliwaomba wasafiri, wamisionari na mawakala wao kila pembe ya dunia wawaletee udongo, angalau wa kiganjani. Baadhi ya dawa zilizopatikana kwa njia hiyo, na mahali ulikotoka udongo wake, ni hizi:

- Klorampenikoli, iliyotangazwa mwaka 1947: udongo wa karibu na Caracas, Venezuela.
- Tetrasaiklini ya mwanzo, 1948: shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani.
- Erithromaisini: udongo wa Iloilo, Ufilipino, uliopelekwa mwaka 1949.
- Vankomaisini: udongo wa Borneo, uliopelekwa na mmisionari mwaka 1952.
- Rifampisini: msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, udongo uliochotwa mwaka 1957.

Hiyo ya mwisho ina deni na Afrika Mashariki, au tuseme sisi na yeye tunadaiana. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa atumie dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walikatika njiani mara walipoona wamepata nguvu. Jaribio lililofanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, ambalo matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1972, lilionesha kuwa rifampisini ikiunganishwa na streptomaisini na isoniazidi, miezi 6 yatosha. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambapo daktari Karel Styblo alitoa mchango mkubwa, na utaratibu wake wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa na kuandika kila matokeo daftarini ukaja kuigwa na Shirika la Afya Duniani kwa mataifa mengine.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* dawa hizi hazikuumbwa kwa ajili yetu. Zimo katika maisha ya bakteria wenyewe. Udongo hutoa kwa anayeuhoji kwa taratibu na kwa subira, na kuupata udongo ni sehemu ndogo kabisa ya kazi.

Mfuko wa udongo wa Kawana

Sasa tuvirudie vidonge vya michango. Satoshi Ōmura alizaliwa mwaka 1935 katika familia ya wakulima huko Yamanashi, Japani, na kabla ya kuwa mtafiti aliwasomesha katika skuli ya usiku mjini Tokyo vijana waliokuja darasani na mikono yenye mafuta ya mashine, jambo lililomfanya aone haya ya kutosoma zaidi yeye mwenyewe. Alipoingia katika Taasisi ya Kitasato alijizoesha kutembea na vifuko vya plastiki kila aendako, ili asikose pa kutia udongo utakaomvutia. Kimoja katika vifuko hivyo kilijazwa katika miaka ya mwanzo ya 1970 mahali paitwapo Kawana, katika mji wa Ito, kando ya uwanja wa gofu unaoelekea bahari.

Bakteria waliooteshwa kutoka udongo huo walipelekwa pamoja na wengine wengi katika maabara za kampuni ya Merck huko New Jersey, ambako William Campbell, mzaliwa wa Ireland, na wenziwe walikuwa na njia isiyo ya kawaida ya kutafuta: badala ya kutazama duara sahanini, waliwalisha panya wenye minyoo mchuzi ulimooteshwa bakteria, wakangoja waone ni panya gani atakayetoka salama. Mchuzi wa Kawana uliwamaliza minyoo. Dutu iliyokuwamo ikarekebishwa kidogo ili iwe na nguvu zaidi na salama zaidi, ikaitwa ivermektini, na kuanzia mwaka 1981 ikauzwa kwa ajili ya mifugo. Hapa lazima tusahihishe lugha: ivermektini si kiuavijasumu kwa maana halisi, kwa kuwa haitibu maradhi ya bakteria, lakini imezaliwa na streptomaisi, imepatikana kwa njia ileile, na kwetu ndiyo mfano ulio karibu kuliko wote. Hufanya kazi kwa kufungua vilango fulani vilivyomo katika neva na misuli ya mnyoo, vilango ambavyo mwanadamu hana, na mnyoo akapooza.

Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitangaza kuitoa dawa hii bure, kwa jina la Mectizan, kwa wagonjwa wa usubi, maradhi yanayopofusha macho ambayo kwa upande wa Tanganyika yamewatesa watu wa Mahenge na kwengineko kwenye mito yenye kasi; na mwaka 1998 ahadi hiyo ikapanuliwa iingie matende na mabusha. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya Zanzibar. Mnyoo wake huletwa na mbu, huishi katika mishipa ya maji ya mwili kwa miaka, na watoto wake huingia katika damu usiku, ndiyo maana wapimaji walikuwa wakizunguka vijijini wakati watu wamelala, nao wakashukiwa mambo wasiyoyafanya. Mwaka 2001 Unguja na Pemba nzima, kwa msaada wa masheha na wafanyakazi wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba, zilianza kumeza ivermektini pamoja na albendazoli, dawa nyingine ya minyoo, mara moja kwa mwaka, isipokuwa watoto wadogo, wajawazito na walio taabani. Ni nchi chache za Kiafrika zilizotangulia kuwafikia watu wake wote namna hiyo.

Ōmura na Campbell walipewa Nobeli mwaka 2015, wakigawana na Tu Youyou wa China, ambaye dawa yake ya malaria, artemisinini, inatokana na mmea na ndiyo iliyomo ndani ya dawa mseto ambazo hospitali zetu zilianza kuzitumia mwaka 2003. Kwa hiyo tuzo moja ilitolewa kwa vidonge viwili ambavyo mkaazi wa kawaida wa Chake Chake amekwisha kuvimeza vyote.

Wawi

Ingekuwa ni dhuluma kuihadithia habari hii kana kwamba Pemba ilikaa ikipokea tu. Katika kitongoji cha Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2000 na kupewa jina la mwanachuoni wa Kitaliani wa maradhi ya vimelea, aliyekuwa na azma ya kuijenga lakini akafariki mwaka 1993 kabla ya kuiona. Humo hupimwa choo, mkojo na damu ya watu wa kisiwa hiki, na elimu iliyotoka humo imebadilisha namna dunia inavyotibu michango.

Mfano wa wazi ni mnyoo mjeledi, aitwaye hivyo kwa kuwa mwili wake ni mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili. Albendazoli, iliyo dawa nzuri kwa minyoo ya mviringo, humkwaruza tu. Katika jaribio lililofanywa kwa pamoja Pemba, Laos na Ivory Coast, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, katika kila wagonjwa 100 wa Pemba waliopewa albendazoli peke yake walipona 6, na waliopewa albendazoli pamoja na ivermektini walipona 49. Laos walikuwa 8 kwa 66. Ivory Coast, ajabu, walikuwa 10 kwa 14 tu, na wataalamu walibaki wakijiuliza kulikoni, mpaka ilipokuja kubainika kwamba mnyoo wa huko, ingawa kwa sura ni yuleyule, kwa nasaba ni wa jamii nyingine. Lau jaribio lingefanywa Ivory Coast pekee, ivermektini ingetupwa; na lau lingefanywa Pemba pekee, ingesifiwa kupita kiasi.

Baada ya hapo zimepimwa Pemba dawa nyingine: moksidektini, ambayo nayo ni binamu wa ivermektini kutoka kwa streptomaisi mwengine, na emodepsaidi, iliyotokana na kuvu na iliyoonesha nguvu kubwa dhidi ya mnyoo mjeledi katika matokeo ya mwaka 2023. Na ng'ambo ya mkondo, katika jimbo la Kwale nchini Kenya, ivermektini imejaribiwa kwa kazi nyingine kabisa: mbu akimnyonya mtu aliyeimeza, hufa. Wakaazi walipewa mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, na taarifa ya mwaka 2025 ikasema kwamba maambukizo ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 kuliko kule ilikopewa dawa ya kulinganisha.

Mbona basi tusile udongo?

Suali hili nalo huulizwa, hasa na wajawazito ambao wengine wao huwa na hamu ya kula udongo. Jawabu ni kwamba dawa iliyomo udongoni ni kidogo mno isiyofaa kitu, na kilicho kingi humo ni mayai ya minyoo. Wala udongo usitiwe katika kidonda wala katika kitovu cha mtoto mchanga, kwani pepopunda hukaa humo humo.

Sumu na kinga yake

Bakteria anayetengeneza sumu hana budi awe na kinga ya sumu hiyo, la sivyo angejiua mwenyewe. Kutokana na jambo hili dogo limetoka balaa kubwa. Maagizo ya kutengeneza kinga yameandikwa katika chembe za urithi, na bakteria wana uwezo wa kupeana chembe hizo, hata baina ya makabila yasiyohusiana, kwa hiyo kinga iliyobuniwa ardhini huweza kusafiri ikamfikia kijidudu cha maradhi. Mwaka 2011 watafiti waliochimba ardhi iliyoganda kwa baridi huko Kanada, yenye umri wa miaka 30,000, walikuta humo chembe za kinga dhidi ya viuavijasumu vya leo, hali ya kuwa wakati huo hapakuwa na daktari wala duka la dawa. Usugu wa dawa, basi, hatukuuanzisha sisi. Tulichokifanya ni kuupa sababu ya kuenea.

Tazama homa ya matumbo. Watafiti walipopima damu za wagonjwa wa homa katika hospitali tatu za Pemba mwaka 2009 na 2010, miongoni mwa bakteria waliowakuta, yule wa homa ya matumbo alikuwa wa mbele. Dawa ya mwanzo kuyaweza maradhi hayo, mwaka 1948, ilikuwa klorampenikoli, ile ya udongo wa Caracas. Na leo katika nchi nyingi haitegemewi tena, kwa kuwa kijidudu kimekwisha kuizoea. Anayekwenda dukani akanunua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na hayasikii antibiotiki hata kidogo, huwa hajitibu. Huwafunza bakteria wa tumboni mwake kazi ambayo watawafunza wengine.

Wengi huuliza kwa nini basi zisitafutwe dawa mpya. Zilitafutwa kwa bidii mpaka miaka ya 1960, kisha watafutaji wakachoka kukuta kilekile, na wenye mitaji wakaona faida ya dawa inayomezwa wiki moja ni ndogo kuliko ya dawa inayomezwa maisha. Tena bakteria walio wengi mno wa udongoni hawakubali kuota sahanini. Mwaka 2015 wataalamu wa Boston walitangaza hila: wawafunge bakteria katika vitundu vidogo vyenye utando, kisha wavizike tena katika udongo wao wenyewe wamee humo kama kwao. Kwa njia hiyo walipata, katika udongo wa jimbo la Maine, kitu kiitwacho teiksobaktini, ambacho bado hakijafika hospitali.

Udongo ni mali ya nani?

Udongo wa Iloilo, uliotoa erithromaisini, ulipelekwa Marekani na daktari wa Kifilipino, Abelardo Aguilar, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya dawa. Kampuni iliuza dawa hiyo kwa jina lililotokana na mji wake, na jamaa zake wamelalamika miaka mingi kwamba hakupata fungu lolote la mapato yake. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2004 Idara ya Wanyamapori ya Kenya ililalamika hadharani kwamba vijidudu kutoka katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilichukuliwa na kugeuzwa bidhaa ya kiwandani ya kufifisha rangi ya nguo za jinzi, pasina Wakenya kugawiwa. Na miaka mitatu baadaye idara hiyohiyo ikaingia mkataba na kampuni nyingine, safari hii kwa masharti yaliyoandikwa.

Mkataba wa dunia wa mwaka 1992 juu ya viumbe hai umekiri kwamba kila nchi ina haki juu ya viumbe vilivyomo ndani yake, vidogo na vikubwa, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaongeza kwamba anayetaka kuvichukua aombe ruhusa kwanza na kukubaliana namna ya kugawana kitakachopatikana. Sheria hizi wako wanaozilaumu, wakisema zinamkwamisha mtafiti mnyonge kuliko kampuni tajiri, nami nadhani lawama hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa karatasi nyingi humchosha kwanza asiye na mwanasheria. Hata hivyo Pemba ina kichanga, ina kinamo, ina matope ya mikoko na udongo wa chini ya misitu ya Ngezi, na inao pia watu waliozoea kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgeni akitokea na kijiko na mifuko yake, apokewe kwa heshima kama ilivyo ada, apewe kahawa. Na kabla hajaoneshwa njia ya shambani, sheha amuulize kibali chake kiko wapi, udongo utapimwa Wawi au utasafirishwa, na nakala ya kila bakteria atakayeoteshwa itahifadhiwa na nani.